Bustani ya Denmark na Harufu Yake

Wasomaji wetu wa kila siku watakuwa wameona kwamba safu hii ilinyamaza kwa muda wa majuma mawili katika mwezi wa Mei. Hatukuwa wagonjwa, wala hatukuwa tumeishiwa na maneno, jambo ambalo baadhi yao wangelifurahia. Tulikuwa Denmark, katika kisiwa cha Fyn, kwa mwaliko wa mzee mmoja wa mji wa Odense aliyepata kufundisha ufundi wa magari huko Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiswahili cha mzee huyu hakikuzeeka pamoja naye. Kimebaki pale pale alipokiacha. Kwake yeye kila mtu bado ni "Ndugu", na alipotupokea kituoni alitupa mkono akasema, "Karibu sana, Ndugu Mwandishi, pole na safari," hata abiria wenzetu wakageuka kutazama.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumamosi, alitutoa kwa pikipiki kuizunguka sehemu ya kusini ya kisiwa chake. Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi, tukarejea jua likiwa bado liko juu ya mapaa, kwani katika nchi ile, mwezi kama huo, jua halitui mpaka inapokaribia saa nne ya usiku. Mwendo wote ulikuwa kama kilomita 150. Dereva wa lori katika barabara zetu kuu angeuita huo mwendo wa kabla ya chakula cha mchana. Sisi ulituchukua kutwa nzima.

Yatupasa kwanza tuieleze pikipiki yenyewe, maana ndiyo iliyoamua mwendo wetu. Ni Nimbus, pikipiki iliyobuniwa na kuundwa Denmark kwenyewe, katika kiwanda cha Fisker & Nielsen cha Copenhagen, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimekwisha kujipatia jina kwa mashine za kufyonza vumbi majumbani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1919. Aina aliyo nayo mwenyeji wetu ilianza kuuzwa mwaka 1934, ikaendelea kutengenezwa, bila mabadiliko makubwa, hadi mwisho wa miaka ya 1950. Ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, na springi za valvu zake ziko nje, hazikufunikwa, hata msafiri anaweza kuziona zikicheza kama vidole vya mpiga kinanda. Haina mnyororo, nguvu hupelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa mhimili wa chuma. Watu wa Denmark waliipa jina la nyuki bambi kwa sababu ya mvumo wake. Jeshi liliitumia, na posta iliitumia kupeleka vifurushi, kwa hiyo ilikuwa chombo cha kazi kabla haijawa chombo cha matembezi.

Ubavuni mwake imefungiwa behewa dogo lenye gurudumu lake, na humo ndimo tulimokaa. Kwa desturi ya safu hii sisi hujiita "sisi", lakini kwa faida ya wale wanaojiuliza tuliingiaje wote, tukiri kwamba nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na ilitutosha kwa shida. Tulivishwa kofia ngumu, ambayo ni amri ya sheria kwa dereva na abiria, taa ikawashwa mchana kweupe, ambayo nayo ni sheria, tukaondoka.

Nje ya Odense kulikuwa na njia mbili. Iko barabara kuu ya mwendo wa kasi, iliyokamilika hadi Svendborg mwaka 2009, ambayo magari mengi huifuata. Na ziko barabara ndogo za zamani, zinazopinda kwa kufuata mipaka ya mashamba ya watu waliokufa siku nyingi. Mzee wetu alifuata hizo. Kwenye njia panda kadha wa kadha tuliona kibao cha mraba, rangi ya kahawia, kilichochorwa ua jeupe lenye kitovu cha njano. Hakikuandikwa neno. Tulipouliza tukaambiwa kwamba hiyo ni Njia ya Margeriti, iliyofunguliwa mwaka 1991, nayo leo ina urefu unaopata kilomita 4,200, ikiizunguka nchi nzima kwa barabara ndogo ndogo tu. Ua hilo lilikuwa kipenzi cha Malkia Margrethe wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1972 mpaka alipojiuzulu tarehe 14 Januari 2024 na kumwachia mwanawe kiti.

Tulilifikiria sana jambo hili. Hakuna barabara mpya iliyojengwa. Barabara zilikuwapo, serikali iliweka vibao tu, ikamwambia mwananchi: ukipenda kufika upesi, pita kule, ukipenda kuiona nchi yako, pita huku. Mtu ataona ni anasa. Lakini kijiji kilichopitwa na barabara kuu hupata walau mnunuzi wa kahawa, nasi tulivipita vijiji vya namna hiyo vingi: nyumba za mbao na chokaa zilizoezekwa kwa matete, kanisa jeupe juu ya kilima, bwawa la bata, na duka lililofungwa zamani ambalo sasa ni makazi ya mtu.

Watu wa Fyn hukiita kisiwa chao Bustani ya Denmark, na mwezi wa Mei hakuna wa kuwabishia. Mashamba ya mbegu za mafuta yalikuwa ya njano tupu, njano inayoumiza macho. Miti ya misitu ilikuwa imetoa majani mapya wiki chache tu zilizopita, na mwanga ulipita ndani yake ukawa kijani. Kusini mwa Odense, katika Nørre Lyndelse, tulionyeshwa nyumba ndogo kando ya barabara alikokulia mtunzi wa muziki Carl Nielsen, aliyezaliwa mwaka 1865 katika familia maskini ya mpaka rangi. Hatukushuka.

Tulishuka mbele kidogo, penye meza ya mbao iliyowekwa kando ya njia bila mtu yeyote. Juu ya meza palikuwa na asali, fungu la asparagasi, trei ya mayai, na kikopo cha fedha chenye tundu. Pembeni pamebandikwa namba ya kulipia kwa simu. Mzee alichukua mayai kumi, akalipa, akatukabidhi tuyapakate. Tulitazama huku na huku tukitafuta mwenye mali. Nyumba iliyo karibu ilikuwa mbali kama uwanja mzima wa mpira, na mapazia yake yamefungwa. "Unamtafuta nani, Ndugu?" mzee akauliza. Tukasema, mwuzaji. "Mwuzaji yuko kazini," akajibu, akawasha mashine. Tangu hapo hadi jioni tulisafiri tukiwa tumeyakumbatia mayai ya watu kumi mapajani, na kila shimo la barabara, ambayo mashimo yake kwa bahati ni machache, tulilihesabu.

Kaskazini mwa mji wa Faaborg barabara hupanda vilima vya Svanninge, ambavyo wenyeji huvitaja kwa fahari kama Alpi za Fyn. Kisiwa chote hakina kilele kinachozidi mita 131, na Denmark nzima, ukiacha maeneo yake ya ng'ambo, haina mahali pa asili panapofikia mita 171. Mzee wetu, ambaye aliwahi kukaa Moshi, alisimamisha pikipiki pale juu, akakunja uso kwa makusudi, akasema kwamba anaona dalili za kuishiwa pumzi. Vilima hivyo viliachwa na barafu ya zama za kale ilipoyeyuka. Chini yake tuliiona bahari ya kusini na visiwa vyake vimetawanyika, vya kijani na vilivyo bapa, kama majani ya mgomba yaliyoanguka majini. Eneo hilo la bahari na visiwa lilitambuliwa na UNESCO mwaka 2024 kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia.

Ilikuwa hapo, katika kushuka, ndipo tulipoipata harufu.

Aliye ndani ya gari huiona nchi kama picha iliyowekwa kioo. Aliye juu ya pikipiki, na zaidi aliye katika behewa lililo shubiri chache kutoka ardhini, huipokea nchi kwa pua. Tulikuwa tumekwisha pita harufu ya maua, ya nyasi zilizokatwa na ya mkate. Hii ilikuwa nyingine: kali, nzito, ikikaa kooni. Ilikuwa samadi ya majimaji, iliyomwagwa mashambani kwa matangi makubwa. Samadi ya mnyama gani? Ya nguruwe, tukaambiwa. Basi tukawatafuta nguruwe kwa macho. Denmark ina watu wapatao milioni 6, na wakati wowote ule ina nguruwe zaidi ya milioni 11. Msomaji ataamini au hataamini, lakini katika kutwa nzima, katika nchi ambayo asilimia 60 hivi ya ardhi yake ni mashamba, hatukuona nguruwe hata mmoja. Tuliona farasi, tuliona ng'ombe wachache, tukaona kondoo. Nguruwe tuliwanusa tu.

Tulikula Faaborg, bandarini, mkate mweusi wa shayiri nyekundu na samaki wa siki, kisha tukafuata pwani kuelekea Svendborg. Katikati ya njia mzee aliacha lami, akaingia njia ya kokoto, akazima mashine mbele ya shamba ambalo, alisema, ndiko alikozaliwa.

Baba yake alikuwa na hekta 20, ng'ombe kumi na wawili, nguruwe wachache na farasi wawili. Sasa shamba liko mikononi mwa mtoto wa kaka yake, nalo limemeza mashamba ya jirani mmoja baada ya mwingine hata likapita hekta 400. Nyumba za majirani hao bado zimesimama, zimepakwa rangi vizuri. Wanaokaa humo huamka asubuhi wakaenda kufanya kazi Odense. Nyuma ya nyumba ya zamani palikuwa na mabanda matatu marefu yasiyo na madirisha. Mkulima mwenyewe alitoka kutulaki, mtu wa makamo, mpole. Tukaomba kuwaona nguruwe wake. Akatikisa kichwa kwa adabu. Mtu aliyetoka nje ya nchi juzi haruhusiwi kuingia, na aliyetoka Afrika ndiyo kabisa, kwa hofu ya homa ya nguruwe, ugonjwa ambao kwa hakika uliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Denmark huuogopa ugonjwa huo hata mwaka 2019 ilikamilisha ua wa kilomita 70 katika mpaka wake na Ujerumani, kuzuia nguruwe mwitu wasivuke. Hatukuona sababu ya kukasirika.

Alitupeleka badala yake kwenye bonde lililo chini ya shamba. Lilikuwa shamba la ngano kama mengine, kijani kibichi, isipokuwa liko chini zaidi, karibu usawa wa bahari. Hapo zamani palikuwa kinamasi. Baba yao mzee, baba wa mwenyeji wetu, alilikausha bonde hilo kwa mikono yake katika miaka ya 1950: alichimba mitaro, akalaza mabomba ya udongo wa kuchoma, moja baada ya jingine, majira matatu ya baridi mfululizo. Mwenyeji wetu alikuwa mtoto; kazi yake ilikuwa kubeba mabomba. Alituonyesha kidole cha shahada ambacho ukucha wake haukuota sawa tena.

Sasa serikali inataka bonde lirudi kuwa kinamasi.

Wasomaji wetu wanastahili kuelezwa kwa nini. Samadi na mbolea zinazozidi haja ya mimea huchukuliwa na mvua, hupita katika mabomba kama hayo hayo, na kuishia katika ghuba za bahari ambazo huko hazina kina. Humo hulisha mwani. Mwani huota kwa wingi, huzuia mwanga usifike kwenye nyasi za chini ya bahari, kisha hufa na kuoza, na kuoza kwake hula hewa ya oksijeni iliyo majini. Samaki awezaye kukimbia hukimbia; kombe na wadudu wa chini hufa walipo. Bahari ile ile tuliyoisifu kutoka juu ya kilima, yenye visiwa kama majani ya mgomba, ni miongoni mwa zilizoumizwa zaidi. Mwaka 2024, upande wa Jylland, raia walifanya mazishi ya mfano ya ghuba ya Vejle, kana kwamba ni mtu. Mwaka huo huo serikali, vyama vya wakulima, wenye viwanda, wafanyakazi na watetezi wa mazingira walikubaliana, na Bunge likaunga mkono mwezi wa Novemba, kwamba hekta 250,000 zipandwe misitu, kwamba hekta 140,000 za mabonde yaliyokaushwa zirejeshewe maji, na kwamba kuanzia mwaka 2030 mfugaji alipe kodi kwa hewa chafu itokayo kwa mifugo yake. Hakuna nchi iliyowahi kuwatoza wafugaji wake kodi ya namna hiyo. Bonde lililokaushwa nalo lina deni lake: udongo wake mweusi, ukiisha kukutana na hewa, huoza polepole mwaka hata mwaka na kutoa hewa ya ukaa.

Mkulima alisema ameletewa barua na kwamba bei anayopewa si ya dhuluma. Alisema pia kwamba yeye hakuongeza nguruwe kwa ulafi. Aliongeza kwa sababu kila mwaka bei ya nguruwe mmoja ilinunua vitu vichache kuliko mwaka uliotangulia, na benki haikukopesha ila kwa mtu anayejipanua. Tulimwamini. Baba mdogo wake alikuwa amesimama kandokando akiitazama ngano. Tukamwuliza, "Mzee, baba yako angelisemaje?"

Alikawia kujibu. "Baba alikuwa mvuvi jioni," akasema hatimaye. "Asubuhi shambani, jioni mashuani. Tulikula torsk mara tatu kwa juma." Torsk ni samaki mkubwa mweupe wa bahari za baridi, katika maji yale amekuwa adimu mno. "Angelia kwa bonde. Angelia na kwa samaki. Sijui angelianza na kipi." Kisha akamwambia kijana wake maneno ya Kidenmark ambayo hatukuyaelewa, wala hatukuomba tafsiri.

Safu hii imewahimiza wakulima wetu mara nyingi watumie mbolea zaidi, na hatulifuti neno hilo. Shamba lenye njaa na shamba lililovimbiwa si wagonjwa wa dawa moja. Lakini tulipanda tena behewani tukiwa na fikira ambazo hatukuondoka nazo Odense.

Svendborg tuliipita upesi, tukavuka daraja refu lililofunguliwa mwaka 1966, tukaingia kisiwa cha Tåsinge. Katika makaburi ya kanisa la Landet amezikwa Elvira Madigan, binti mcheza sarakasi aliyetembea juu ya kamba, na kando yake afisa wa jeshi la Uswidi, Sixten Sparre. Walikimbilia huko katika kiangazi cha mwaka 1889. Sparre alikuwa ameacha mke na watoto. Fedha zilipowaishia alimpiga risasi binti huyo, kisha akajipiga mwenyewe. Filamu imetengenezwa juu yao, na husemwa kwamba maharusi huja kuweka maua. Sisi tuliyatazama yale majiwe mawili, tukaona kwamba msichana wa miaka 21 aliuawa, na kwamba mahali ni pazuri sana.

Kutoka hapo barabara huenda juu ya tuta na daraja jingine hadi Rudkøbing, katika kisiwa cha Langeland. Ni mji mdogo wa vichochoro, ambamo mwaka 1777 mke wa mtengeneza dawa alimzaa Hans Christian Ørsted. Huyo ndiye aliyeonyesha, mwaka 1820, kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, na kwa kufanya hivyo aliwafungulia wengine njia ya kuvumbua dainamo, zikiwamo zile zinazowasha taa za pikipiki zote duniani. Mji umemwekea sanamu. Mzee wetu aliipigia sanamu hiyo honi, mara mbili, akatwambia ni desturi yake.

Kisha akasimama kwenye ukingo wa bandari, akatutaka tutazame majini. Tulipoinama tuliona rangi ya kijani yenye ukungu, na mkono mmoja chini yake hatukuona kitu. Alisema katika utoto wake alihesabu kaa waliokuwa chini kabisa, akiwa amesimama pale pale. Hakuongeza neno. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Tåsinge, mashua zimetia nanga, upepo umetulia. Mpiga picha yeyote angelishukuru.

Njia ya kurudi ilikuwa ya kimya, ukiondoa nyuki yule wa silinda nne. Tulipita karibu na ngome ya Egeskov, iliyokamilika mwaka 1554 na kusimamishwa ndani ya ziwa juu ya nguzo za mwaloni, lakini milango ilikuwa imekwisha fungwa, na kwa kweli tulikuwa tumeona vya kutosha. Kwenye vibonde baridi ilipanda, na harufu ikarudi, tena na tena, kila palipokuwa na mabanda marefu nyuma ya miti.

Tulipofika nyumbani kwake mkewe alitutokea mlangoni, akayapokea mayai na kuyahesabu mezani. Mawili yalikuwa yamepata ufa. Akayakaanga hayo kwanza, na wakati tukila simu ililia. Alikuwa yule mtoto wa kaka. Walizungumza kwa muda mrefu. Mzee aliporudi mezani alitwambia kwamba barua inapaswa kujibiwa kabla ya majira ya mavuno, na kwamba kijana ameuliza kama baba mdogo wake anakumbuka mabomba yalilazwa wapi, kwa maana ramani haipo.

"Ninakumbuka yote," mzee akasema, akavuta sahani ya mayai.